Kupanga maDJ wa klabu Nairobi: WhatsApp, kalenda ya Google, programu za zamu au mfumo wa kulipia?

Klabu inayofungua Jumatano hadi Jumapili na kuweka maDJ watatu kila usiku ina nafasi 15 za kujaza kwa wiki. Ikiwa na ukumbi wa juu wenye muziki wake, nafasi hizo zinafika 30. Kila nafasi ina jina la mtu, saa ya kuingia na ya kutoka, bei, malipo ya awali, mtindo wa muziki, na mara nyingi MC anayetembea na DJ huyo. Moja kati ya hayo likikosewa, huonekana saa nne usiku: watu wamejaa mlangoni, na maDJ wawili wamesimama nyuma ya mashine, kila mmoja akisema saa hiyo ni yake.

Hapo ndipo meneja anapoanza kutafuta programu. Nimeshughulikia ratiba katika klabu za Nairobi, na swali la programu gani inunuliwe nimelisikia Westlands, Kilimani na Thika Road. Huwa nalijibu kwa swali jingine: katika klabu yenu, nani anaweza kumwambia DJ "njoo Ijumaa"? Mara nyingi ni watu watatu. Kuna meneja, kuna promota wa usiku fulani, na kuna mwenye klabu, ambaye amekutana na DJ mahali akampa ahadi. Kila mmoja anatumia simu yake. Programu isiyoziba mwanya huo ni pesa zilizopotea, hata ikiwa nzuri namna gani. Mwanya ukishazibwa, hata chombo cha bure kinaweza kubeba klabu kubwa.

Kwa hiyo nitakapolinganisha njia hizi nitakuwa nikitazama nani anathibitisha, DJ anaionaje ratiba bila kusumbuliwa, ushahidi wa makubaliano na malipo unakaa wapi, na mambo huwaje mpango unapovunjika usiku wenyewe. Bei ya programu naiweka nyuma ya hayo yote.

WhatsApp na daftari

Hii ndiyo njia ya klabu nyingi, na ina nguvu moja ambayo hakuna mfumo wa kulipia umeifikia: kasi. Ijumaa saa tatu usiku DJ anapiga simu kutoka Mlolongo, gari limemharibikia. Unaandika kwenye kundi "nahitaji mtu wa amapiano, saa tano hadi saa saba", na kabla hujamaliza kuongea na fundi wa mitambo kuna mtu amejibu. Kila DJ ana WhatsApp, na kila DJ anaisoma. Hakuna wa kufundishwa wala nenosiri la kusahau.

Udhaifu wake ni kwamba mazungumzo hutiririka. Bei mliyokubaliana Jumatatu, ikifika Alhamisi imefunikwa na sauti zilizorekodiwa, picha na mjadala wa mpira. Kubandika ujumbe juu ya kundi kunasaidia kidogo, lakini nafasi ni tatu tu na muda mrefu zaidi ni siku 30. Kuna pia jambo la kufutwa. Aliyetuma ujumbe anaweza kuufuta kwa wote kwa takriban siku mbili, na anaweza kuuhariri ndani ya dakika 15. Alama ya kwamba ulifutwa hubaki. Kiasi kilichokuwa kimeandikwa hakibaki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mazungumzo ya simu si daftari.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba rekodi yote iko kwenye simu ya mtu mmoja. Meneja akihamia klabu ya jirani, anaondoka na ahadi zote za miezi miwili ijayo, pamoja na nambari za maDJ. Ukiamua kubaki na WhatsApp, basi tumia WhatsApp Business kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la klabu, simu yake ikae ofisini, na utumie lebo zake kutenganisha DJ aliyeulizwa na DJ aliyethibitisha. Bei usiizungumze kwenye kundi hata siku moja. DJ anayelipwa kidogo akijua mwenzake anapata mara mbili yake, hutamaliza wiki bila kelele.

Baa yenye DJ mmoja au wawili wikendi haihitaji zaidi ya hapo. Kwao WhatsApp na daftari la kaunta, DJ akitia sahihi kila anapolipwa, ni mpango kamili. Sioni sababu ya kuwauzia kitu kingine.

Kalenda ya Google na jedwali la Sheets

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo klabu nyingi za ukubwa wa kati zinapofaa kuwa, na ndipo watu wanapofanya haraka wakavuruga.

Anza na akaunti. Kalenda iwe ya akaunti ya klabu, siyo ya meneja. Fungua kalenda moja kwa kila ukumbi. Kila seti, yaani muda wa DJ mmoja kucheza, inaingia kama tukio, DJ anaalikwa kwa barua pepe, na anajibu ndiyo, hapana au labda. Jibu hilo linabaki limeandikwa, na hiyo ni hatua kubwa ukilinganisha na alama ya kidole gumba kwenye kundi. Google pia hukuruhusu kuchagua nani anaona nini: mwingine aone tu kwamba saa hiyo imeshikwa, mwingine aone maelezo yote, mwingine aweze kubadilisha. Uwezo wa kubadilisha mpe mtu mmoja tu. Mwenye klabu aone kila kitu, lakini akitaka kumweka DJ ampigie mtu huyo. Najua mazungumzo hayo na bosi ni magumu. Ni bora yafanywe mchana ofisini kuliko usiku mbele ya wateja.

Fahamu jambo moja: kalenda ya Google haimzuii mtu kuweka seti mbili wakati mmoja. Inazichora ubavu kwa ubavu na kunyamaza. Ukitaka chombo cha kukukatalia, hiki sicho. Lakini mkono unaoandika ukiwa mmoja, macho yake yanatosha kuona visanduku viwili vikikanyagana. Tukio likifutwa kwa bahati mbaya, linakaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, na wenye ruhusa ya kuhariri wanaweza kulirudisha.

Bei isiandikwe kwenye kalenda, kwa kuwa aliyealikwa anasoma maelezo. Bei inaenda kwenye Sheets, jedwali ambalo maDJ hawalioni. Mstari mmoja kwa kila seti: usiku, ukumbi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, DJ, MC, mtindo, mashine anazotumia, hali, bei, malipo ya awali, salio, nambari ya muamala na nambari ya ankara. Safu ya mashine wengi huiruka, halafu fundi wa mitambo anateseka. DJ anayekuja na laptopu yenye programu ya kuchezea muziki ya Serato na DJ anayekuja na flashi aliyoiandaa kwa programu ya rekordbox hawaunganishwi kwa namna moja, na fundi anapaswa kujua kabla ya muziki kuanza.

Safu ya hali ndiyo moyo wa jedwali. Iwekee orodha ya kuchagua ili watu wasijiandikie maneno yao: ameulizwa, ameshikiliwa, amethibitisha, amecheza, amelipwa. Kisha weka sheria kwamba hakuna jina linaloingia kwenye bango la Instagram kabla mstari wake haujasoma "amethibitisha". Mabango ya wikendi hutengenezwa mapema wiki, na ugomvi mwingi kati ya klabu na maDJ wakubwa huanzia hapo, jina la mtu likitumika kuvuta wateja ilhali yeye hajakubali. DJ ana haki ya kukasirika.

Sasa saa. Seti ya saa saba hadi saa tisa usiku, watu wote klabuni wataiita ya Ijumaa. Kompyuta itaiweka Jumamosi, 01:00 hadi 03:00. Tenga safu mbili: moja ya usiku wa klabu, ambayo ni Ijumaa, na nyingine ya tarehe halisi. Andika saa kwa mtindo wa saa 24 ili pasiwe na mtu wa kuchanganya saa saba ya mchana na ya usiku. Ukitaka jedwali likupigie hesabu ya urefu wa seti, kutoa 23:00 kwenye 02:00 kutakupa jibu hasi. Tumia fomula ya MOD: saa ya kutoka toa saa ya kuingia, koma, 1, yote ndani ya mabano ya MOD, na utapata muda wa saa tatu kama inavyotakiwa. DJ wa kutoka London naye mwandikie saa ya Nairobi waziwazi. Sisi hatubadilishi saa mwaka mzima, wao hubadilisha, kwa hiyo tofauti huwa saa tatu au mbili kulingana na msimu.

Malipo ndiyo mahali ambapo Sheets inawashinda wakubwa wake kwa mazingira yetu. Kila muamala wa M-Pesa una nambari yake ya herufi na tarakimu 10. Ibandike kwenye mstari wa seti iliyolipiwa. Mwisho wa mwezi mhasibu anachukua taarifa ya M-Pesa na jedwali, anavilinganisha, na DJ anayesema hajalipwa anajibiwa kwa nambari badala ya kelele. Kumbuka pia kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja; msanii wa bei ya juu ya hapo mpangie benki mapema. Na ile safu ya ankara si mapambo: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA, haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mapato ya biashara, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Mwambie DJ jambo hilo siku unayomuuliza tarehe. Kumwambia saa kumi alfajiri, amechoka na anasubiri pesa zake, ni kumkosea heshima.

Google Sheets hutunza historia ya mabadiliko, kwa hiyo ukikuta bei imegeuka kutoka 15,000 kuwa 20,000 unaweza kuona akaunti iliyobadilisha na lini. Unaweza pia kufunga safu fulani zisiguswe na wengine. Hayo yote ni ya bure, ndani ya GB 15 ambazo kila akaunti hupewa.

Inapoteleza ni kwenye barua pepe. MaDJ wengi hawafungui barua pepe zao. Mwaliko unakaa huko bila jibu na wewe unadhani mtu amekataa. Kwa hiyo bado utapeleka picha ya ratiba kwa WhatsApp kila Jumanne, na bado utawapigia wasiojibu. Mkataba nao hautajitengeneza, wala jedwali halitakukumbusha salio usipoliangalia. Njia hii inahitaji mtu mwenye nidhamu, na ukimkosa mtu huyo itakufa ndani ya mwezi.

Programu za zamu

Sling, Deputy, When I Work na Connecteam zilitengenezwa kwa mikahawa na maduka yenye wafanyakazi wa zamu. Zinafanya jambo ambalo kalenda ya Google haifanyi: zinakuonya mtu mmoja akipangiwa zamu mbili zinazogongana. Mfanyakazi anaweka mwenyewe siku asizopatikana, anaomba kubadilishana zamu, na baadhi yake humwezesha kupiga saa ya kuingia kwa simu huku mahali alipo pakionekana. Kwa wahudumu wa baa, mabaunsa na wasafishaji, zinafaa sana.

Kwa DJ zinamkalia vibaya. Programu hizo zinamwona kama mwajiriwa anayelipwa kwa saa, ilhali analipwa kwa seti, na usiku huohuo anaweza kuwa na klabu nyingine mbili. Ukimwambia aweke programu yako kwenye simu, na klabu ya pili imwambie hivyo, na ya tatu pia, ataziondoa zote. Nimeona zikifanya kazi kwa maDJ wa kudumu pekee, wale wanaokuja kila wiki na wanaojiona sehemu ya nyumba. Ikiwa tayari unatumia programu ya zamu kwa wafanyakazi wengine, waingize hao wa kudumu na uache wageni nje.

Mifumo ya kulipia ya tasnia ya muziki

Tahadhari kwanza. Ukitafuta "programu ya DJ" mtandaoni, nyingi zinazojitokeza, DJ Event Planner ikiwa mojawapo, zilitengenezwa kwa kampuni za DJ wa harusi na sherehe: DJ ana wateja wengi na ukumbi tofauti kila Jumamosi. Klabu ni kinyume chake, ukumbi mmoja na maDJ wengi. Programu nzuri ya harusi itakusumbua kuanzia siku ya kwanza.

Zinazohusu kumbi na wasanii ni kama Prism ya Marekani na Muzeek ya Australia, na Gigwell, ambayo imeelekea zaidi kwa mawakala na wasanii wenyewe. Jambo la maana sana la kujifunza kutoka kwa Prism ni kushikilia tarehe kwa daraja. Msanii A ana nafasi ya kwanza kwa tarehe 14, msanii B ya pili. A akijitoa, B anapanda, na kila mtu ofisini anaona. Kisha ofa inatoka kwenye mfumo, makadirio ya gharama na mapato yanafuata, na baada ya shoo hesabu ya mwisho inafungwa hapohapo. Klabu inayouza tiketi na kugawana mapato ya mlango na promota itaokoa saa nyingi kwa hilo. Mkataba wenye sahihi ya kielektroniki, kama Gigwell inavyofanya, nao ni kinga kubwa kwa pande zote mbili.

Lakini zilijengwa kwa masoko ambako DJ analipwa kwa benki na kadi. Nambari za M-Pesa utaendelea kuziandika kwa mkono, na ankara ya eTIMS utaishughulikia kando. Ada inatozwa kwa dola, na hilo si jambo dogo: mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Bajeti ya programu ikayumba kiasi hicho bila programu yenyewe kubadilika. Kulipa kwenyewe si tatizo tena, kwa kuwa kadi ya M-Pesa GlobalPay iliyoanzishwa na Safaricom na Visa mwaka 2022 hufanya kazi mtandaoni hata kwa klabu isiyo na kadi ya benki ya kampuni.

Mfumo wa kutengenezewa

Nairobi haikosi watengeneza programu, na Safaricom imefungua mlango wa Daraja unaoruhusu programu yako kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Kwa hiyo mfumo unaomthibitisha DJ, unaomtumia malipo ya awali na kuandika nambari ya muamala wenyewe unawezekana. Kwa kampuni yenye klabu nne au tano zinazobadilishana maDJ, naona una maana.

Kwa klabu moja, hapana. Kijana aliyeutengeneza akipata kazi kubwa, unabaki na kitu ambacho hakuna anayejua kukirekebisha. Ukiamua hata hivyo, mkataba useme kwamba msimbo, jina la tovuti na akaunti ya seva ni mali ya klabu, na nenosiri zote ziwe kwako tangu siku ya kwanza. Anza na kalenda na hali za seti. Malipo ya moja kwa moja yaje baadaye, maana kosa la ratiba linarekebishika kwa simu, kosa la pesa halirudi kirahisi.

Ziweke kwenye mtihani wa jiji hili

Chukua wikendi ya Safari Rally. Mashindano hayo ya magari yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na mwaka 2024 yakahamishwa kutoka Juni hadi Machi. Wikendi hiyo burudani inahamia Naivasha pamoja na maDJ wengi wa Nairobi, na wanaobaki wanajua thamani yao imepanda. Desemba ni hivyohivyo, Pwani ikiwavuta. Unahitaji chombo kinachokuonyesha miezi mitano mbele. WhatsApp haiwezi kabisa. Kalenda ya Google inaweza: DJ wa kudumu unamweka ajirudie kila wiki, kisha unaondoa wiki ile moja na pengo linaonekana. Programu za zamu zinashinda kidogo hapa kwa sababu DJ mwenyewe anatangaza mapema kwamba hayupo. Prism inashinda zaidi, kwa sababu ya ile foleni ya kushikilia tarehe.

Mtihani wa pili ni DJ mwenye klabu mbili usiku mmoja. Akiwa Electric Avenue, ule mtaa wa klabu wa Westlands, anatembea kwa miguu kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kutoka Lang'ata hadi Roysambu ni jambo jingine, na Expressway yenye kilomita 27 inamsaidia tu anayetokea upande wa Mlolongo na Mombasa Road kuja Westlands. Hakuna programu kati ya hizi inayojua kazi ambayo DJ wako amechukua kwingine asipoisema. Kalenda ya Google ina nafuu ya pekee: DJ anaweza kukushirikisha kalenda yake mwenyewe ukaona tu saa zilizoshikwa, bila kujua ni klabu gani wala kwa bei gani. MaDJ wanaojipanga vizuri wanalikubali hilo kwa urahisi, kwa kuwa siri yao ya biashara inabaki kwao. Wewe unaacha dakika 45 au saa nzima kati ya seti kulingana na barabara.

Wa tatu ni kuachwa kwenye mataa usiku wenyewe. Kwenye programu za zamu unaweza kutangaza zamu iliyo wazi, lakini anayeiona ni aliye na programu hiyo peke yake. Mifumo ya tasnia ya muziki inatazama shoo za wiki zijazo, haikutengenezwa kwa dharura ya usiku huohuo. WhatsApp inashinda bila mpinzani, kwa sharti kwamba una orodha ya akiba kwa kila mtindo. DJ wa amapiano hawezi kuziba Jumapili ya reggae, na umati wa rhumba utainuka na kuondoka ukiwekewa gengetone. Orodha hiyo iweke kwenye Sheets, ukiongeza mtaa anakoishi kila mmoja, ili uanze kumpigia aliye karibu.

Na wa nne ni kuvunjika kwa mpango bila kosa la mtu. Amri ya kutotoka nje usiku iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 haikuondolewa hadi 20 Oktoba 2021, na klabu nyingi zilikuwa zimelipa malipo ya awali kwa maDJ ambao nao walikuwa wameyatumia kulipa kodi ya nyumba. Aliyekuwa na maandishi alijua la kufanya. Mkataba wa mfumo wa kulipia ndio bora hapa, lakini hata ujumbe mmoja wa WhatsApp unaosema wazi tarehe, saa, bei, malipo ya awali na yatakavyokuwa shoo ikifutwa, ukijibiwa "nimekubali", una uzito. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali rekodi za kielektroniki mahakamani zikifuata masharti yake. Nakili ujumbe huo kwenye jedwali siku hiyohiyo.

Kuhusu siri za watu

Nambari ya kitambulisho ya DJ, simu yake na kiasi anacholipwa ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usidhani klabu hazitazamwi: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Jedwali lililofunguliwa kwa yeyote mwenye kiungo ni hatari ya namna hiyohiyo. Lishirikishe kwa majina, na mtu akiacha kazi mwondolee ruhusa jioni ileile.

Ningechagua nini

Baa ya mtaani yenye DJ wa wikendi: WhatsApp Business na daftari, basi. Klabu moja yenye usiku tano za muziki, hata ikiwa na kumbi mbili: kalenda ya Google na Sheets kwa rekodi, WhatsApp kwa mawasiliano na dharura, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuthibitisha. Mtu huyo mlipe vizuri. Pesa ambazo ungepeleka kwenye ada ya dola zitakufaa zaidi kwake.

Klabu inayouza tiketi, inayoleta wasanii wa nje na kugawana mapato na mapromota iangalie Prism au Muzeek kwa makini, na ijaribu kwa shoo halisi kabla ya kulipia mwaka mzima. Kabla ya kujaribu, uliza unavyoweza kutoa data yako yote ukiamua kuondoka. Mfumo usiokuruhusu kupakua orodha yako ya maDJ na historia ya malipo katika jedwali la kawaida, uache. Kampuni yenye klabu kadhaa ndiyo pekee ningeishauri imwite mtengeneza programu.

Ukibadilisha, badilisha Januari. Mifuko ya wateja imekauka, usiku ni chache, na anayekosea ana nafasi ya kurekebisha. Usianze Desemba kwa hali yoyote. Usihamishe historia ya mwaka mzima pia. Ingiza seti zijazo tu, pamoja na salio zote ambazo klabu bado inadaiwa na maDJ, moja baada ya nyingine, kila DJ akithibitisha kiasi chake kwa maandishi. Salio hizo zilipwe kwanza, kisha daftari la zamani ndipo lifungwe.